Mtoko wa Saa Nne: Jinsi ya Kula na Marafiki Wikiendi Bila Kununiana

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi. Mmeketi watatu kwenye meza ya watu tisa. Mhudumu ameshapita mara mbili kuuliza kama mtaagiza au mnawasubiri wenzenu. Unampigia simu yule aliyelianzisha wazo lenyewe. "Nipo Mwenge hapa, nakaribia," anakwambia, na nyuma ya sauti yake unasikia maji yakimiminika kwenye ndoo.

Kila aliyewahi kupanga mtoko wa wikiendi Dar es Salaam anaijua ndoo hiyo. Anaijua pia bili inayofika mezani saa saba mchana, ikazungushwa kama kiazi cha moto, mpaka mmoja mwenye moyo mwepesi akailipa akiwa amenuna.

Mlo wenyewe hauna hila. Hoteli za Masaki zinauita "brunch", neno la Kiingereza lililoanza kutetewa na mwandishi Guy Beringer mwaka 1895 katika jarida la Hunter's Weekly. Yeye alitaka chai ya asubuhi na chakula cha mchana viunganishwe siku ya Jumapili, na sababu yake mojawapo ilikuwa kwamba aliyekesha Jumamosi aachwe alale. Huku kwetu kazi hiyo inafanywa na supu. Aliyekesha huamka akatafuta ya kuzimua, aliyetoka misa ya kwanza huja kwa sababu ana njaa, na wote wawili hukutana kwenye benchi moja wakigombea ndimu.

Mitoko hii huharibiwa na mambo mawili tunayoona haya kuyataja: saa na pesa. Yote mawili yataje mapema, kwa maandishi, kabla mtu hajatoka nyumbani kwake. Yafuatayo ni namna ya kufanya hivyo.

Chagua kitenzi kabla ya kuchagua mgahawa

Kiswahili chetu kina mtego. Ukisema "nakualika", umeshalipa. Ukisema "nikutoe Jumapili", umeshalipa, na nauli ya bajaji huenda nayo ikawa juu yako. Ukisema "njooni tule supu", nusu ya watu wataelewa kwamba wewe ndiye mwenyeji na nusu watakuja na pesa zao. Kama kila mtu anakuja na mfuko wake, maneno yako ni "twendeni", "tukutane" au "tuchange".

Mimi nilijifunza kwa gharama. Miaka michache iliyopita nilipanda cheo kazini, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Jumapili njooni tufurahi pamoja." Walikuja kumi na mmoja. Wawili kati yao sikuwahi kuwaona maishani. Bili ilipowekwa mezani maongezi yalikatika, na kila uso ukanigeukia kwa tabasamu la pongezi. Nilitaka kukasirika nikakosa wa kumkasirikia. Nilikuwa nimesema "njooni", na kwetu anayesema hivyo ndiye mwenye nyumba. Sehemu ya pesa ya kodi ilikwenda siku hiyo.

Kwa hiyo jiulize kwanza: natoa au nachangisha? Ukishajua, kitenzi kiseme hivyo hivyo.

Amua pia idadi. Sita mpaka wanane ni kundi linaloweza kusikilizana kwenye meza moja. Wakizidi, meza hugawanyika ncha mbili na kila ncha ikawa na mtoko wake. Sema wazi kama watu waje na wenzi wao au watoto. Usiposema, mdoezi hatakosa kujipatia nafasi.

Siku na saa

Usidhani wikiendi ni moja kwa wote. Msabato hayupo Jumamosi asubuhi, yupo kanisani. Mkatoliki akisali misa ya kwanza, saa nne yupo huru kabisa. Mlokole huenda akatoka ibadani saa nane mchana. Mwenye watoto wa madrasa ana ratiba yake ya Jumamosi. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi: maeneo mengi biashara husubiri usafi uishe ndipo zifunguliwe, hivyo msije mkakuta mlango umefungwa na mwenye banda ameshika fagio.

Mwezi wa Ramadhani usivunje kundi. Hamisheni mtoko uwe futari, na wasiofunga wapangiwe kuleta tende na kukata matunda. Kundi likishajua kwamba kuna mwezi ambao mlo unahamia jioni, hakuna mtu atakayejiona amesahauliwa.

Tarehe nazo zina maana. Wikiendi inayofuata mshahara ndiyo ya samaki na ufukwe. Mwezi ukishakata kona, panga banda la supu au mkutane nyumbani kwa mtu. Wakati wa masika angalia pia njia: mvua ikinyesha usiku kucha, Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa, na wenzenu wa upande wa Magomeni watakwama.

Kuhusu saa, kuna ujanja wa kizamani wa kutaja saa tatu ili watu wafike saa nne. Uache. Watu huugundua mara ya pili tu, na mara ya tatu ukisema saa tatu wanafika saa tano. Taja saa ya kweli, kisha taja saa ya kuagiza: "Tunakutana saa nne, saa nne na robo tunaagiza." Halafu agizeni kweli, hata kama mpo watatu. Mara mbili zitatosha kumfundisha mtu wa ndoo, atakapofika akakuta wenzake wanafuta midomo.

Mahali: maswali ya kuuliza kwa kila aina ya meza

*Banda la supu.* Hapa ndipo penye mlo wenyewe wa saa nne, na ndipo wageni wa mambo haya hukosea. Wanadhani supu inasubiri. Makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, huchemshwa kwa saa nyingi ili mishipa ilainike na supu ishike midomo. Sufuria hiyo iliinjikwa wakati wewe bado umelala. Ikiisha, hakuna njia ya kuiongeza upesi, isipokuwa kwa maji. Ndiyo maana supu ya saa moja na supu ya saa tano, banda lile lile, mpishi yule yule, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Dawa yake ni simu ya Jumamosi jioni. "Mama, shikamoo. Kesho saa nne tupo wanane. Naomba utuwekee makongoro matano na kuku wa kienyeji watatu." Mama wa banda akijua idadi, anatenga. Wengi watakuomba utangulize hela kidogo, nawe utangulize bila kinyongo. Ameshaumizwa na watu wa "nitajitahidi".

Kama hulijui banda, lipime kabla ya kuliletea watu. Tazama chapati: zinasukumwa na kupikwa pale pale, au zinatolewa kwenye hotipoti zikiwa zimelala tangu alfajiri? Ndimu zimekatwa sasa hivi au zimekauka kingo? Pa kunawia pana sabuni na maji yanayotiririka? Madereva wa bodaboda na bajaji wanakula hapo? Hao wanakula nje kila siku na hawana pesa ya kuchezea.

*Mgahawa wa ufukweni.* Iwe Mbezi Beach, Oysterbay au Kigamboni, piga simu uulize mambo manne. Je, kuna kiingilio, na kama kipo, kinakatwa kwenye bei ya chakula? Bei za menyu zimeshajumlisha VAT? Kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na kwenye bili ya watu wanane hiyo ni pesa ya kueleweka. Je, mnaruhusiwa kuingia na keki yenu? Na jiko linaanza saa ngapi hasa? Wengine hufungua mlango saa tatu lakini mkaa unawashwa saa tano. Mkienda Kigamboni kwa pantoni, kumbukeni kwamba foleni ya kurudi Jumapili jioni huwa ndefu kuliko ya kwenda.

*Bufee ya hoteli.* Uzuri wake ni bei moja kwa kila kichwa, kwa hiyo ugomvi wa bili umekwisha kabla haujaanza. Uliza kama vinywaji vimo, maana mara nyingi havimo, na uliza watoto wa umri gani hulipa nusu. Bufee ni ya watu wenye njaa na muda. Kama nusu ya kundi lenu hula andazi moja na chai, mtakuwa mmelipia macho.

*Nyumbani kwa mtu.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote mkiigawa vizuri. Usiseme "leteni chochote", mtakula biskuti na soda. Gawa kwa majina ya vyakula: huyu vitumbua, huyu mbaazi za nazi, huyu maandazi, huyu matunda, huyu mayai na vitunguu vya kukaangia. Mwenye nyumba atoe chai, vyombo na mahali pa kukaa, basi. Aliyekosa muda wa kupika alete gesi au aoshe vyombo. Na mkigawa kazi, gawieni wanaume pia, mkaa hauchagui.

Nani anakula nini

Uliza mara moja, kisha andika pahali. Kama kundi lina Waislamu na kuna anayependa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, basi chagueni sehemu ambayo jiko lake halichanganyi, naye ataikuta kitimoto yake siku nyingine. Msimfanye mtu akae mezani akibahatisha kikaango kimekaangia nini.

Mwenye kisukari huumia kimya kwenye mitoko yetu, kwa sababu chai ya maziwa sehemu nyingi huja ikiwa imeshatiwa sukari ndani ya chupa. Agiza mapema chupa moja isiyo na sukari. Mwenye presha naye supu humletea shida ya chumvi. Mwombe mpishi asimtilie, atajikolezea kwa ndimu na pilipili.

Ujumbe mmoja unaotosha

Siku tatu au nne kabla, tuma ujumbe wa namna hii:

"Jumapili tarehe 14, saa nne asubuhi, twendeni supu Sinza. Kila mtu na mfuko wake. Elfu kumi na tano inatosha chakula na chai. Jibu 'nipo' na utaje supu yako kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni, maana mama anataka idadi. Saa nne na robo tunaagiza."

Angalia vilivyomo: siku, saa, mahali, nani analipa, kiasi gani, mwisho wa kujibu, na sababu ya kuuliza. Kiasi ndicho watu wengi wanachokiacha wakidhani ni ushamba kukitaja. Wanazozisitiri ni nafsi zao. Rafiki mwenye elfu kumi mfukoni hawezi kukuuliza bei mbele ya watu tisa. Atakwambia tu kwamba siku hiyo ana msiba Chanika. Ukitaja kiasi, anajua kama anaweza au hawezi, na anajibu ukweli.

"Nitajitahidi" usiihesabu. Kwa Dar, maana yake siji.

Ukimjua mwenzenu ambaye mwezi huu umemkaba, usimwandikie kwenye grupu. Mpigie. "Njoo, ya leo ipo juu yangu, nawe utanitoa siku nyingine." Halafu nyamaza, hata kwa mkeo.

Mezani

Mwenye kupanga awe wa kwanza kufika. Chagua meza ya kivuli kwa hesabu ya saa saba, maana jua litahama.

Salimia kabla ya kuagiza. Mhudumu ni "dada" au "kaka", mwenye banda ni "mama" na anastahili shikamoo yake. Kumwita mtu kwa mluzi au kwa kupiga vidole kutawachelewesha, na mtastahili kucheleweshwa.

Agizeni kinachochelewa kwanza. Kuku wa kienyeji ambaye hajapikwa ni zaidi ya saa nzima. Samaki mzima wa kukaanga ana foleni yake. Nyama choma huanzia buchani: nenda mwenyewe, chagua kipande, simama mbele ya mizani ikisoma, ndipo iende jikoni. Chapati, mayai na mihogo vitawashikilia wakati huo.

Mtu mmoja aandike oda yote kwenye simu, jina mbele ya chakula: Rehema, makongoro, chapati mbili, chai ya rangi. Baraka, maini rosti, chapati moja, juisi ya embe. Msomeeni mhudumu polepole, kisha mwombeni airudie. Orodha hiyo itawafaa tena bili ikifika, na hapo ndipo mtakapoipenda.

Picha pigeni kabla ya chakula kupoa, mpiga picha mmoja, picha tatu, zitumwe kwenye grupu. Mafuta ya supu ya makongoro huganda upesi na hayana subira na mtu anayetafuta mwanga.

Na maongezi: Simba na Yanga zitakula saa nzima bila msaada wa mtu. Maswali ya "unaoa lini" na "mtoto je" yaacheni kwa mashangazi, wana zamu yao kwenye harusi.

Bili

Tuchukue mfano. Mpo wanane. Sita wamekula supu, chapati na chai, shilingi 9,000 kila mmoja. Wawili wamekula samaki mzima na juisi, shilingi 35,000 kila mmoja. Jumla ni 124,000. Mtu mmoja, mara nyingi mmoja wa wale wa samaki, anasema kwa uchangamfu: "Si tugawane tu sawa?" Sawa hiyo ni 15,500. Kila mla supu ameongeza 6,500 juu ya alichokula, na kila mla samaki amepunguziwa 19,500. Hakuna atakayesema kitu. Wiki mbili baadaye mkipanga tena, wala supu wawili watakuwa na msiba Chanika.

Kuna njia nne, na kila moja ina mahali pake.

Kugawana sawa kunafaa mkila vinavyokaribiana. Tofauti ya buku moja au mbili isiwasumbue.

Kila mtu kulipa chake kunafaa mkila vitu vya bei tofauti. Toeni ile oda iliyoandikwa, jazeni bei, msipige hesabu kwa kukumbuka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na supu nayo ni mali.

Zamu, leo wewe kesho mimi, ni tamu kwa watu wawili au watatu wanaoonana mara kwa mara. Kwa wanane haifai. Zamu ya wanane huchukua miezi, na kuna atakayehama mkoa kabla ya yake.

Kuchanga kabla ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kundi la kudumu. Ichukulieni kama upatu mdogo: kila mmoja anatuma kiasi fulani kwa mweka hazina kila mwisho wa mwezi, mtoko unalipwa humo, kinachobaki kinatangazwa kwenye grupu siku hiyo hiyo. Mweka hazina awe mtu anayeandika, hata kama si mchangamfu.

Njia yoyote mtakayoichagua, alipe mmoja kwa lipa namba au kadi, na wengine wamtumie kabla ya kunyanyuka kwenye kiti. Ongezeni na makato ya kutuma. Asiyeyaongeza kila wiki anamnyonya mwenzake shilingi chache chache. "Nitakutumia nikifika" haipokelewi. Someni bili mstari kwa mstari kabla ya kulipa, bila kuomba radhi, kisha daini risiti ya mashine ya EFD.

Mhudumu aliyewavumilia saa tatu mpeni hela ya soda mkononi mwake. Ikiandikwa kwenye bili, hamjui itaishia kwa nani.

Kuondoka

Chakula kilichobaki kifungwe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo anayejijua anapenda kufungiwa aje na kontena lake. Msishikilie meza ya banda saa mbili baada ya chai kuisha huku wateja wamesimama; hamieni kwenye madafu au nyumbani kwa mtu. Hesabuni nani anarudi na nani, hasa waliokunywa, wasishike usukani.

Kabla hamjaagana, pangeni tarehe inayofuata mkiwa bado mmeshiba. Kisha Jumamosi yake jioni mpigie mama wa banda umtajie idadi. Makongoro yakiisha, yameisha.